Behewa la Chumvi

Mimi nilizaliwa mwoga, na sioni haya kulisema. Kaka yangu, aliyenitangulia kwa mimba moja, alizaliwa na ujasiri wa watu wawili, na nyumbani walizoea kunitania kwamba fungu langu alilibeba yeye alipokuwa akitoka. Kwetu mtoni, pande za Wema, chini kidogo ya Garsen, woga si aibu kubwa. Anayelima ukingoni mwa Tana anaishi na viboko, mamba na maji yenyewe, na asiyeogopa hata kimoja hazeeki. Lakini wangu ulipita kiasi. Nilikuwa naogopa hata mvua za watu wengine, zile zinazonyesha huko juu milimani ambako hatujawahi kufika, kwa kuwa ndizo zinazotuletea mafuriko.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipokuwa wakipigana na Mau Mau. Mto ulifurika mpunga ukiwa umebeba, na maji yakasimama shambani mpaka masuke yakaoza. Tukasema si kitu, yakishuka tutapanda tena kwenye tope. Msimu uliofuata mto haukupanda kabisa. Shamba la mtu wa mtoni lisipopata maji ya mto ni uwanja tu, unaweza kuuchezea mpira. Tukala mahindi ya akiba, tukala maembe mabichi kwa chumvi, kisha mama akawa anaingia ziwani na wanawake wenzake kung'oa viazi vya yungiyungi, maji yakiwafika kifuani. Kila alipoingia mimi nilisimama ukingoni nikiangalia maji badala yake. Baba alikuwa amekwisha kufariki, na dada zetu walikuwa wadogo bado.

Vijana wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Ilisemekana Voi kuna mashamba ya katani yanayoandika watu bila kuuliza maswali mengi. Kaka alipolisikia hilo, alikuwa kama amekwisha kuandikwa. Mimi sikutaka kwenda, lakini kubaki kulikuwa kula viazi vya mama. Siku tunaondoka mama hakumwambia kaka neno lolote la maana, alimpiga begani tu kama mtu anayempeleka mtoto dukani. Mimi alinivuta nyuma ya nyumba.

“Mwanangu, mwenzio hajui kuogopa,” aliniambia. “Wewe unajua. Basi uogope kwa niaba yake. Mtu wangu asinipotee.”

Nilimwitikia, na tangu hapo sikuwa na kazi nyingine duniani.

Tukavuka kwa kivuko cha Garsen, tukadandia lori lililokuwa likienda Malindi, nauli yetu ikawa kulisukuma kila liliponasa mchangani, na lilinasa mara nyingi. Mombasa tulifika tukiwa na miguu iliyovimba na matumaini mengi. Matumaini yaliisha kabla ya uvimbe. Kwenye malango ya bandari watu walijaa tangu alfajiri, na kila nyapara alikuwa na watu wa kwao. Kiswahili chetu cha mtoni kiliwachekesha, maana nyumbani tulisema Kipokomo na Kiswahili tulikiweka kwa ajili ya kanisani na sokoni. Askari walisimamisha vijana barabarani na kuuliza vipande, vile vyeti vya kumtambulisha mtu. Sisi hatukuwa navyo. Kaka aliwapita askari akipiga mluzi, na mimi nilitembea nyuma yake nikitazama chini.

Kwenye baraza tuliyokuwa tukilala tukakutana na kijana mmoja Mtaita, mwembamba, ambaye mali yake yote ilikuwa blanketi na kijiko. Huyu alikuwa amezunguka reli nzima kwa kudandia magari ya mizigo. Alitueleza kwamba vijana wa namna yetu walikuwa wengi njiani, Wagiriama, Wakamba, Wataita, hata watu waliotoka ziwa kubwa la bara. Waliokuwa wakipanda bara walipishana na waliokuwa wakishuka pwani, na kila upande uliamini kazi iko kule mwenzake anakotoka.

“Na wewe unaamini iko wapi?” nilimuuliza.

“Mimi naamini nikikaa mahali pamoja njaa itanijua jina,” alijibu.

Yeye ndiye aliyetufundisha. Usipande behewa lililo karibu na la gadi, maana gadi, yule mlinzi wa garimoshi, hukaa nyuma kabisa na ana macho. Usipande lililobeba mbao, zinasogea na kumbana mtu. Nenda Mazeras, mahali reli inapopanda kilima na injini inapochoka, ukimbie sambamba nalo, ushike chuma, na ukishashika usifikirie tena. Kaka alicheka kwa furaha. Mimi nilitaka arudie tangu mwanzo, hasa pale pa kushika chuma.

Tulilipanda jua likizama. Kaka alitangulia, akanivuta kwa kola, na Mtaita akafuata kama mtu anayepanda kitandani kwake. Lilikuwa behewa la wazi, limejaa magunia, na juu yake turubali limefungwa kwa kamba. Tukajipenyeza chini ya turubali, tukalala juu ya magunia. Nilipoulamba mkono wangu ndipo nilipojua tumelalia chumvi.

Usiku ulipita hivyo, na kulipopambazuka tukaingia Voi, mahali petu pa kushukia. Kaka akainua ukingo wa turubali, akaushusha upesi. Askari walikuwa wakitembea kando ya mabehewa wakigonga kwa fimbo. Mtaita akaweka kidole mdomoni. Fimbo iligonga behewa letu, ikagonga la pili yake, na moyo wangu ulikuwa ukigonga kuzishinda zote. Hatukushuka. Garimoshi likaondoka na sisi tukiwa ndani yake, tukienda tusikokusudia.

“Tutashuka mbele, turudi kwa miguu,” kaka alisema.

“Mbele ni nyika na simba,” Mtaita akasema. “Na kabla ya simba kuna kambi ya wafungwa. Siku hizi kijana asiye na kipande akionekana kwa miguu karibu na reli hii, hawamuulizi anatoka wapi. Wanamuuliza ametoroka lini.”

Baadaye kidogo niliiona kambi ile kwa tundu la turubali, nyaya na minara, na watu wadogo wadogo kwa mbali. Jua lilipopanda, chini ya turubali pakawa jiko. Chumvi ilituingia kwenye midomo iliyopasuka, machoni, na kwenye michubuko ya magoti. Maji tuliyokuwa nayo yaliisha kabla ya Voi. Ulimi wangu ulikuwa mzito hata nikashindwa kumwambia kaka kwamba nimeshindwa, lakini aliniangalia na akaona.

Basi garimoshi liliposimama Tsavo ili injini inywe maji, kaka alichungulia, akaona mto. Haukuwa mkubwa kama wetu, lakini ulikuwa na mikoma ukingoni, mitende ya mwituni ile ile ya kwetu, na maji yanayokwenda. Mtaita alisema injini hunywa taratibu, nafasi ipo, ila asikawie. Kaka akachukua kopo letu, akateremka upande usio na watu, akaifuata njia ya miguu iliyoshuka mtoni. Nilitoa kichwa nje kumwangalia, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa.

Alifika kwenye maji. Njia ilikuwa imemfikisha mahali pazuri, pana mchanga, pa kuinama tu na kuchota. Hakuinama. Alisimama, akatazama, kisha akageuka na kwenda zake juu ya mto, akipotelea kwenye mikoma.

“Anatafuta nini huyo?” Mtaita aliuliza kwa hasira. “Maji si yale pale?”

Nilijua anachotafuta. Mtu wa Tana hachoti maji mahali njia inapoishia. Njia ya watu mamba naye anaijua, na saa za watu kuteka anazijua, hukaa chini ya maji pale pale akingoja. Ukifika kwenye mto usioujua, unaondoka penye njia, unatafuta ukingo mrefu, unakata mti, unakifunga chombo kwenye ncha yake, na unachota ukiwa umesimama mbali. Kwetu mtoto hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kusali. Kaka yangu asiyeogopa kitu alikuwa akitafuta mti mrefu, na kila nilipolifikiria hilo nilimsifu na kumlaani kwa pamoja.

Injini ikapiga honi.

“Hajarudi,” nilisema.

“Namwona hajarudi,” Mtaita akasema. “Atalikimbilia. Wewe kaa.”

Mabehewa yakavutana kwa kishindo, moja baada ya jingine, hata zamu ikafika kwetu. Nilikodolea macho ile mikoma mpaka machozi yakanitoka. Hakutokea mtu. Mawe ya reli yalianza kusogea chini yangu, polepole, kisha si polepole. Sikumbuki kuamua. Nakumbuka Mtaita akinishika shati na shati likichanika, na nakumbuka mawe yakinipokea kwa magoti. Nilipoinua kichwa garimoshi lilikuwa likikunja kona ng'ambo ya daraja, na gadi hakuangalia nyuma.

Nikakimbilia mtoni nikimwita. Penye njia hakuwapo. Nikafuata ukingo, nikiziona nyayo zake kwenye tope, kidole gumba kikiwa kimekwenda nje kama cha baba. Nyayo zikaniongoza mpaka kwenye ukingo mrefu wenye mawe. Hapo palikuwa na fito ndefu iliyokatwa karibuni, na kipande cha shuka yake kimefungwa nchani. Kopo lilikuwa limesimamishwa katikati ya mawe mawili, limejaa maji. Nyayo hazikuendelea, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na mwamba mtupu. Upande wa chini, kwenye tope, niliona mburuzo mpana ulioingia majini. Mtu wa kwetu haambiwi mburuzo ule ni wa nani.

Nilijaribu kufikiri. Kama mamba angemchukua wakati wa kuchota, kopo lisingesimama. Lakini huenda alichota, akaliweka, kisha akashuka kunawa uso, maana chumvi ilikuwa imemwingia machoni. Asiyeogopa huweza kufanya hivyo, atahadhari kwa kopo na asahau uso wake. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, ndivyo wasemavyo, na mimi nilikaa juu ya lile jiwe nikimwona mama akiingia ziwani na akitoka, akiingia na akitoka, akisubiri watu wawili. Nilipiga kelele jina lake mpaka sauti ikakatika. Maji yale ya kopo sikuyagusa. Niliogopa kwamba ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake.

Kelele zangu ziliwaleta watu wa njia, wale wanaotengeneza reli, wakiwa na nyundo zao mabegani. Nyapara wao alikuwa mtu mzima wa Kikamba. Aliutazama mburuzo, akatikisa kichwa, akaniambia pole. Lakini mmoja wa vijana wake, aliyekuwa akifanya kazi mbele ya daraja, akasema aliona mtu akitoka vichakani na kulikimbilia behewa la nyuma.

“Alilishika?” nilimuuliza.

“Nilimwona akiruka. Kisha garimoshi likanifunika. Sijui kama alishika au alianguka upande ule mwingine.”

Tukaenda kuangalia upande ule mwingine. Sikuona damu, na sikuona mtu. Kwa hiyo kaka yangu alikuwa ndani ya mto, au alikuwa juu ya garimoshi akinitafuta kwenye magunia ya chumvi, au yule kijana alimwona mtu mwingine kabisa. Nilihisi kichwa kitanipasuka.

“Stesheni wana simu,” nyapara alisema. “Wanaweza kuuliza stesheni ya mbele. Lakini ufikiri kwanza, mwanangu. Wakiuliza, watakaojibu ni askari. Kama ndugu yako yupo, ndiyo umempeleka.”

Sijawahi kukaa mahali pabaya kama pale. Nikinyamaza, na kaka yuko mtoni, jua litazama hajatafutwa na mtu. Nikisema, na kaka yuko hai, nitakuwa nimemkabidhi kwa watu wanaouliza umetoroka lini. Tulikuwa tumesikia Mombasa habari za vijana walioingizwa kwenye zile nyaya kwa makosa, na ndugu zao hawajui wamwulize nani. Mama aliniambia niogope kwa niaba yake. Hakuniambia niogope lipi kwanza.

Nikaenda stesheni, nyapara nyuma yangu, kopo mkononi, shati limechanika mgongoni, magoti yakitoka damu. Stesheni masta alikuwa Mhindi mnene mwenye miwani, akila chakula chake cha mchana mezani. Nilimweleza yote bila kuficha, behewa, turubali na chumvi, kwa kile Kiswahili changu kilichowachekesha watu wa Mombasa. Yeye hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta vidole kwa leso, akaiangalia simu na kuniangalia mimi.

“Kijana, mimi napiga, halafu siwezi rudisha,” alisema. “Wewe nataka mimi napiga?”

“Piga, bwana.”

Alizungusha mkono wa simu. Ikawa upande wa pili wamepokea hapo hapo, maana alianza kusema kabla hajakaa vizuri. Alisema Kiingereza, kwa haraka, akanyamaza, akasema tena. Mimi niliutazama uso wake kama ninavyotazama maji. Hatimaye akafunika simu kwa kiganja.

“Yuko,” akasema. “Mzima. Askari nashika yeye.”

Nililia kwa furaha. Nilikaa chini kwenye sakafu ya stesheni, nikalia kwa furaha kwamba kaka yangu amekamatwa, na nyapara akanifunika mgongo uliokuwa wazi kwa koti lake.

Furaha ile haikudumu. Stesheni masta aliniambia kwamba wangemteremsha kwa garimoshi la kushuka, lile la alasiri, wampeleke Voi kwa bwana mkubwa wa polisi. Lingesimama Tsavo kwa muda mfupi. Nyapara alinishauri nijifiche nyuma ya tangi la maji ya injini nimwangalie kwa mbali, kisha nirudi kwetu nikamwambie mama. Mimi hakuna mtu aliyekuwa akinitafuta. Nilikubali. Nilikaa nyuma ya tangi nikiwaza nitakachomwambia mama, na nikiwaza kaka atakavyoniona tangu leo, mdogo aliyepiga simu.

Garimoshi likaja. Nilimwona kwenye dirisha la behewa la tatu, pingu mikononi, askari mmoja kando yake. Alikuwa akiangalia mto. Hakuangalia stesheni wala watu, aliangalia mto tu, na uso wake ulikuwa wa mtu nisiyemjua. Miguu yangu ikatoka nyuma ya tangi yenyewe.

“Kaka,” nilimwita.

Aligeuka. Askari ndiye aliyesema, akainama dirishani kunitazama vizuri.

“Ndiye wewe? Huyu kaka yako ametusumbua. Sisi hatukumkamata. Alikuja mwenyewe stesheni, akagonga dirisha, akasema yuko mdogo wake ameruka garini kule nyuma penye mto, tupige simu aangaliwe kama amekufa. Tukamwambia utafungwa. Akasema nifungeni, lakini pigeni. Masta anashika simu apige, simu ikalia yenyewe. Kumbe ni nyinyi.”

Nilijua Mtaita ndiye aliyemwambia kwamba nimeruka. Niliinua kopo mpaka dirishani. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Kaka alilipokea kwa mikono yake yenye pingu, akaona bado limejaa.

“Hukunywa?” aliniuliza. “Nilikuchotea wewe.”

“Kunywa wewe.”

Akanywa. Pingu ziligonga kopo, maji yakamwagikia kifuani na kwenye suruali ya askari, na askari akasogeza goti tu. Akanirudishia nusu, nami nikanywa. Injini ikapiga honi. Nikaona kwamba nitabaki tena kwenye mawe yale nikilitazama garimoshi likikunja kona naye akiwa ndani.

“Afande,” nilisema, “mimi pia nilikuwa kwenye behewa la chumvi. Mimi pia sikulipa, wala sina kipande.”

“Mwongo huyo!” kaka alipaza sauti. “Mimi simjui!”

Askari, ambaye tangu mchana hakusikia kwa kaka habari nyingine ila za mdogo wake, alimtazama kaka, akatazama kopo tupu mkononi mwangu, kisha akacheka mpaka kofia ikamtelemka. Akanyoosha mkono akafungua mlango. Kaka alinitukana nilipokuwa nikipanda, akanitukana tena nilipokaa, halafu akasogea dirishani kunipa nafasi.